Vyoo Sitini Kwenye Daftari

Jua lilikuwa halijachomoza vizuri, lakini Wegesa binti Waitara alikuwa ameshafagia uwanja, ameshamwaga majivu kuzunguka tundu la choo na kulifunika kwa mfuniko wa mbao. Alisimama mlangoni akakitazama choo chao kwa majivuno. Kuta zake zilikuwa za fito na udongo, paa la nyasi, mlango pazia la gunia. Nzi hakuna hata wa dawa.

Wegesa alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la sita katika kijiji cha ujamaa cha Azimio, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mbalibali. Kijiji chenyewe kilikuwa hakijatimiza miaka miwili. Watu waliteremshwa kutoka vilimani, ambako kila kaya ilikuwa na vichaka vyake, wakapangwa katika mistari iliyonyooka, nyumba ikitazamana na nyumba. Bwana Afya wa wilaya akatoa amri: kila nyumba choo kimoja. Wiki tatu zilizopita Mwalimu Nyamhanga alikuwa ameitisha uchaguzi wa kikundi cha afya cha shule, na Wegesa akachaguliwa kuwa mwenyekiti. Mwalimu alimpa daftari na peni. Msichana akazunguka kijiji kizima akihesabu. Nyumba sitini, vyoo sitini! Akapiga mstari kwa rula, na Bwana Afya akamsifu mbele ya wazee.

Sifa, jamani. Zilimwingia mtoto wa watu kichwani zikapanga chumba humo humo.

Asubuhi hiyo ya Jumatatu alichukua ndoo akashuka chemchemini. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na njia ilipita katikati ya nyasi ndefu zilizolowa. Alipobakiza hatua chache kufika, mguu wake wa kulia ulizama kwenye kitu laini, kikapanda katikati ya vidole.

Hakuhitaji kutazama. Pua ilishamwambia.

"Akh! Ptuu!" Wegesa alirukia pembeni, akatua kwenye kingine. Nzi wa kijani wakainuka wakivuma, wakamgusa mdomo. Kinyesi kilikuwa kila mahali, kipya na cha jana, na maji ya mvua yalikuwa yanakiosha taratibu kukipeleka chini, kwenye dimbwi lile lile ambalo kijiji kizima kilichota maji ya kunywa. Alisugua mguu kwenye nyasi mpaka ngozi ikawasha. Bado aliona unanuka. Uchafu wa namna ile ukikushika mara moja, siku nzima unajinusa mwenyewe.

Tena hakuwa anachukia uvundo tu. Nyumbani kwao Ghati, mtoto wa kaka yake Werema, alikuwa anaharisha kwa siku ya sita. Ghati alikuwa na miaka miwili, na macho yalikuwa yameanza kumzama. Nesi wa zahanati alikuwa amesema neno moja tu: maji. Mwezi uliopita mtoto mmoja wa mstari wa tatu alikuwa ameshazikwa kwa ugonjwa huo huo.

Akiwa anapandisha na ndoo yake, alipita mbele ya nyumba ya Bi Kuruthumu, mshona sare za shule. Mama huyu alikuja mkoa wa Mara na mumewe fundi cherehani, akaishi Mugumu miaka mingi, na huko alikuwa balozi wa nyumba kumi kwa miaka tisa. Sasa alikuwa mjane, mguu mmoja unamsumbua, lakini mdomo haukuwa na ugonjwa wowote.

"Shikamoo, Bi Kuruthumu."

"Marahaba, mwenyekiti. Mbona umekunja uso hivyo, umelamba shubiri? Njoo ukae kidogo tuzungumze. Uongozi mpya ni kama kiatu kipya, lazima mtu akuoneshe pa kulegeza."

"Nina kazi, Bibi," alijibu Wegesa, na hakusimama. Moyoni alisema: mshona vifungo atanifundisha nini mimi, niliyesifiwa na Bwana Afya?

Gwaridani hakumung'unya maneno. "Wachafu nyinyi!" aliwafokea wenzake. "Nyani wa porini wana adabu kuliko nyinyi na wazazi wenu! Mna vyoo sitini, na bado mnajisaidia kwenye maji ya kunywa? Nitamkamata mtu. Jumamosi kwenye mkutano wa kijiji nitamtaja kwa jina!"

Wengine walicheka, wengine wakainamisha vichwa. Mwalimu Nyamhanga alimtazama kama anayetaka kusema kitu, kisha akakohoa na kuwaamuru waingie madarasani. Habari zikamfikia mwenyekiti wa kijiji, naye akazifurahia mno. Akatangaza kwamba atakayetajwa na Wegesa atazoa uchafu wote wa chemchemini peke yake, watu wote wakimtazama. Basi neno la mtoto likawa amri ya kijiji.

Alhamisi kulipopambazuka, Wegesa alijibanza nyuma ya matete juu ya chemchemi. Baridi ilimng'ata, mbu wakamla, na ule uvundo ulimkaa kooni. Hakuondoka. Alitaka kumwona huyo mchafu kwa macho yake, amjue ni nani.

Alimwona. Mwanamke aliyejifunika kanga kichwani alikuja akishuka haraka haraka, kibuyu mkononi, amemshika mtoto mdogo. Aliangaza huku na huku. Kisha akachuchumaa nyasini, na mtoto akachuchumaa kando yake. Walipomaliza alimfuta mtoto kwa majani, akateremka dimbwini, akachota maji na kugeuka kurudi. Hapo mwanga ukampiga usoni.

Alikuwa Rhobi, mke wa Werema, wifi yake mwenyewe. Na mtoto alikuwa Ghati.

 Maji yale ya kibuyu ndiyo yaliyopika uji aliokunywa jana, na juzi, na siku zote za nyuma! Aliinama mateteni pale pale akatapika mpaka nyongo.

Aliporudi nyumbani Rhobi alikuwa jikoni, ameshamkorogea uji wa ulezi. Alimnyooshea kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima kama kawaida yake. Wegesa aliitazama ile mikono, mate yakamjaa mdomoni.

"Sitaki. Sitakunywa kitu kutoka mikononi mwako tena."

"Nimekosa nini, wifi?"

"Nimekuona! Choo kipo hapo, hatua ishirini, nakimwagia majivu kila siku kwa mikono yangu. Wewe unampeleka mtoto mgonjwa kuchafua maji, halafu unatupikia! Huoni kinyaa?"

Rhobi alikuwa na miaka kumi na minane, mwaka wa tatu toka aolewe. Aliweka kikombe chini.  Machozi yalimtiririka, akayaacha yatiririke. "Naona kinyaa, wifi," alisema kwa sauti ndogo. "Kila siku naona. Lakini usiniulize hilo. Nitaje tu Jumamosi, yaishe."

Siku nzima shuleni Wegesa hakuandika neno. Akimtaja, Rhobi atazoa kinyesi mbele ya kijiji kizima, na msichana yule mwenye haya atafungasha nguo zake siku hiyo hiyo na kurudi kwao na aibu hiyo. Akinyamaza, yeye ni mwongo, na chemchemi itabaki vile vile mpaka imalize watoto. Na bado swali lilimkereketa: kwa nini mtu aone kinyaa kila siku na aendelee kufanya?

Kengele ya jioni ilipolia, miguu yake ilimpeleka mlangoni kwa Bi Kuruthumu. Alisimama hapo kwa muda mrefu akichezea ukingo wa sketi.

"Kumbe leo umeuona mlango," alisema Bi Kuruthumu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Ingia, mwenyekiti. Usinisimamie mwangani."

Wegesa akaingia, akakaa mkekani, na maneno yakamtoka yote kwa mkupuo pamoja na kilio. Bi Kuruthumu alisimamisha cherehani.

"Choo chenu kinaingiwa na nani?"

"Watu wote wa nyumbani."

"Ulimwuliza nani, au uliandika tu?"

"Niliandika tu," alijibu Wegesa.

"Baba yako anaingia?"

"Kila asubuhi. Hata amri ya choo aliitii wa kwanza."

"Na Rhobi akitaka kuvuka uwanja baba yako akiwa amekaa, anafanyaje?"

"Anazunguka nyuma ya nyumba. Hawezi kupita mbele ya baba mkwe."

"Kigoda alichokalia baba yako, Rhobi anakikalia?"

"Thubutu! Itakuwa..." Wegesa akakwama.  Mambo hayo aliyajua tangu hajaota meno. Mkwe hali mbele ya mkwe, hakalii alipokaa mkwe, hata jina lake halitamki. Basi mtu huyo angeingiaje kwenye tundu moja na baba mkwe wake, mahali penye aibu kuliko pote?

"Kule vilimani kila mtu alikuwa na upande wake," alisema Bi Kuruthumu. "Hapa mmebananishwa, mkaambiwa choo kimoja. Rhobi kaona bora aende gizani nyasini kuliko kumvunjia heshima mzee wake. Wewe ukamwita nyani."

Uso wa Wegesa uliwaka. Sasa kinyaa kilimgeukia yeye mwenyewe, kwa maneno yale ya gwaridani, na kile kikombe alichokikataa.

"Usijiue bure," mama yule alisema, akicheka kidogo. "Mwaka wangu wa kwanza wa ubalozi, mimi mtu wa kuja, nilimkuta mzee mmoja wa Kikurya akienda porini na choo kipo. Kefule! Nikamfokea barabarani, na mke wa mwanawe yupo hapo hapo anasikia! Miezi miwili hakuna aliyeniletea hata kiraka cha kushona. Nilikuwa najiona nimesimamia usafi, kumbe nimemvua mzee wa watu nguo. Ilibidi nimfuate balozi wa zamani, nimwombe anifundishe. Niliona aibu kama unavyoiona wewe leo."

"Sasa nimwambie tata?" Tata ndilo jina ambalo Wakurya humwitia baba.

"Wewe? Utaanzia wapi, binti, kumweleza baba yako habari za choo na mkwewe? Bibi yako mzaa baba si yupo? Huyo ndiye wa kusema, maana yeye hakuna neno analoogopa kumwambia mwanawe. Na kesho acha daftari nyumbani. Tutakwenda pamoja kwa akina mama."

"Na Jumamosi? Nimeahidi jina."

Bi Kuruthumu akarudisha mguu wake kwenye kanyagio. "Hilo utaliamua wewe. Ila nitakaa mbele kabisa. Ukitetemeka, nitazame mimi."

Ijumaa baada ya masomo walizunguka wawili, mama mwenye mguu mbovu na mtoto asiye na daftari. Bi Kuruthumu hakuuliza kitu. Aliketi na wanawake waliokuwa wakipepeta mtama, akawasimulia ile aibu yake ya Mugumu, nao wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akasema taratibu, "Hata mimi kile choo chetu sijawahi kukiingia." Mwingine akaitikia. Hadi jua lilipoteremka, Wegesa alikuwa amesikia nyumba ishirini na saba ambako choo kilikuwa cha mzee peke yake, au cha wakwe peke yao, au cha kuoneshwa Bwana Afya tu, safi kabisa kwa sababu hakuna aliyekikanyaga!

Jioni wakati wa kula, Wegesa aliketi jikoni na Rhobi. Bibi yake, aliyekuwa ameshaelezwa kila kitu, alikuwa uwanjani na Mzee Waitara. Sauti ya bibi ilisikika vizuri.

"Waitara, ng'ombe wako wana zizi, mbuzi wana banda. Mke wa Werema tumbo likimwita, anakwenda wapi?"

Mzee Waitara alipaliwa. "Mama! Maneno gani hayo wakati wa chakula?"

"Ndio wakati wake. Unakula alichopika kwa maji ya huko huko anakokwenda."

 Kisha likasikika tonge likirudishwa kwenye sinia.

"Bwana Afya alisema choo kimoja kila nyumba," alisema Waitara, sauti imemwishia. "Nikachimba kimoja."

"Bwana Afya ana mkwe hapa?"

Jikoni Rhobi alijifunika uso kwa kanga, na Wegesa hakujua kama analia au anacheka. Akamshika mkono. "Nisamehe, wifi. Nilikutukana bila kujua lolote." Rhobi hakuutoa mkono wake.

Jumamosi watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji. Hata waliokuwa na shughuli walikuja, kwa hamu ile mbaya ya kutaka kuona mwingine akiaibishwa. Mwenyekiti wa kijiji akamwita Wegesa.  Kati ya wanawake alimwona Rhobi, ameinama, kanga imemfunika mpaka machoni. Akamtazama Bi Kuruthumu.

"Niliahidi jina," alisema. "Jina ni Wegesa binti Waitara."

Watu wakaguna. "Kwani wewe ndiye uliyekuwa unakwenda kule?" mtu mmoja alipaza sauti, na vicheko vikalipuka.

"Sikwenda, lakini nimeuacha uchafu ule uendelee. Nilihesabu vyoo, sikuuliza nani anaingia na nani hawezi kuingia. Niliwadanganya Bwana Afya na nyinyi kwamba tuna vyoo sitini. Niliwaita nyani nyinyi wazazi wangu, na mwenye mdomo mchafu nilikuwa mimi. Naomba radhi. Adhabu ilishatangazwa, nitaifanya."

Vicheko vilikatika. Mwenyekiti wa kijiji alikuna kichwa, maana hakuwa amejiandaa kwa jambo kama hilo. Ndipo Mzee Waitara aliposimama. Hakumtazama binti yake, wala hakutupa jicho upande wa wanawake.

"Mimi alfajiri ya leo nimeanza shimo la pili, nyuma ya nyumba," alisema. "Nimefika kwenye mwamba. Mwenye sururu aniazime."

Akakaa.  Wazee walitazamana. Mmoja akasema anayo sururu, ila itaanza kwake kwanza. Mwingine akasema wafanye kwa zamu, mstari kwa mstari. Kabla mkutano haujafungwa, nyumba ishirini na saba zilikuwa zimepangiwa siku za kuchimba, bila mkwe wa mtu yeyote kutajwa.

Wegesa alikwenda chemchemini na jembe na karai, kundi la watu nyuma yake. Jua lilikuwa limewaka, na uvundo ulikuwa mzito wa kukamatika. Alizoa karai la kwanza akiwa amebana pumzi. La pili lilimshinda, akageuka pembeni akatapika, vijana wakazomea. Alijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono akainama tena. Alipoinuka aliona mikono miwili imeshika upande wa pili wa karai. Alikuwa Rhobi. Hakuna aliyejua kwa nini amekuja, ila Wegesa. Walikwenda kumwaga pamoja kwenye shimo, wakarudi.

Mwalimu Nyamhanga alivua viatu, akakunja suruali, akaingia na jembe lake. Wanafunzi walipomwona mwalimu yumo uchafuni mpaka vifundoni, kuzomea kuliwaishia midomoni, wakakimbilia majembe. Kazi ya mtu mmoja ya siku tatu ikaisha kabla ya saa kumi. Walimwaga majivu, wakazungushia chemchemi uzio wa miiba, na Ghati akaanza kunyweshwa maji yaliyochemshwa. Baada ya siku tano alikuwa akimfukuza jogoo uwanjani.

Jumamosi hiyo, walipokuwa wakinawa kwa sabuni, wakirudia mara tatu maana hakuna aliyeiamini mikono yake, Mwalimu aliwakusanya.

"Nawasikia mnavyosema mmeona kinyaa," alisema. "Vizuri. Mtu asiyeona kinyaa na mavi ataugua. Lakini kinyaa chenu kiishie kwenye uchafu, kisifike kwa mtu, maana ukishamchukia mtu huwezi tena kumwuliza kinachomsumbua. Wegesa alikosa, na amesema mbele yenu. Sasa na mimi niseme kosa langu. Nilimpa mtoto daftari na peni, nikampa na cheo, lakini sikumpa mtu wa kumwuliza. Nilimsikia akitukana gwaridani nikakohoa tu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeumeza ujeuri wake akaenda kugonga kwa aliyemtangulia. Kila mmoja wenu siku moja ataongoza kitu, hata kama ni zizi la mbuzi. Siku hiyo hutajua, na kutojua si dhambi. Mtafute anayejua, ukae chini, umwulize, kabla watoto wa watu hawajanywa ujinga wako."

 Wegesa aliipokea sabuni kutoka kwa mwenzake, akanawa tena.